Kufundisha Kiingereza ng'ambo penye mawimbi: pasipoti kwanza, pepo baadaye

Wengi wanaotaka kufundisha Kiingereza ng'ambo huku wakiteleza juu ya mawimbi huanza na picha: ufukwe wa Bali, ubao mrefu, jua linazama. Kisha wanasaka kazi karibu na picha hiyo. Miezi inapita bila jibu, na sababu ilikuwa imeandikwa kwenye jalada la pasipoti tangu siku ya kwanza. Kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda au Mkongo, safari hii inaanzia kwenye pasipoti, inapitia kalenda ya shule, na ndipo inafika baharini. Ukiigeuza utapoteza ada, muda, na pengine hata uhuru wako.

Milango isiyofunguka

Korea Kusini ina mawimbi kuliko watu wanavyodhani: Songjeong mjini Busan, Yangyang katika pwani ya mashariki, Jungmun kisiwani Jeju. Lakini viza ya kufundisha Kiingereza huko, E-2, kwa kanuni yake ya kawaida ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea na una shahada ya uzamili, jibu ni lilelile. China nayo, ambako kisiwa cha Hainan kina ghuba ya Riyue karibu na Wanning, kwa kawaida inamtaka mwalimu wa lugha awe raia wa nchi inayohesabiwa kuwa ya wazawa wa lugha hiyo. Indonesia imeegemea upande huohuo, na kwa hiyo ile picha ya Bali iweke kando.

Tangazo linalomwahidi Mtanzania kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi hizi lina walakini. Mara nyingi utaambiwa uingie kwa viza ya biashara au ya mwanafunzi, "mengine tutamalizia hapa". Siku ya msako anayewekwa ndani na kurudishwa kwao ni mwalimu. Mwajiri hulipa faini na kutafuta mwingine.

Waswahili walioko ughaibuni wenye pasipoti ya Uingereza, Kanada au Marekani wana hali tofauti, na Korea ndiyo ningewaambia waanze nayo. Mpango wa shule za serikali, EPIK, hupokea walimu mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Maombi hutumwa takriban miezi sita kabla. Unaruhusiwa kutaja mkoa unaoupenda, ila hakuna ahadi, na Busan hugombewa na wengi. Anayetaja mkoa wa Gangwon hupata nafasi kwa urahisi zaidi, na Yangyang imo humo humo.

Sasa tuje kwa sisi wengine. Milango ninayoiona iko wazi kwa haki ni Thailand, Vietnam, Oman na Morocco, na Japani kwa sharti moja gumu.

Kusi na kaskazi ndizo zinazoamua

Mtu wa Lamu, Tanga au Nungwi ana elimu ambayo mgeni kutoka Ulaya huinunua: anajua kwamba bahari ina majira mawili. Pepo hizohizo zilizopeleka majahazi Arabuni na kuyarudisha ndizo zinazojenga mawimbi Asia. Kusi ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda, ikafika huko ikivuma kutoka kusini-magharibi. Kwa hiyo kuanzia Mei hadi Oktoba inapiga fukwe zinazotazama magharibi, Phuket na Khao Lak nchini Thailand, na pia kuleta mawimbi pwani ya Oman inayoelekea Bahari ya Arabu. Kaskazi nayo hutoka kaskazini-mashariki na kupiga fukwe zinazotazama mashariki, kama Da Nang nchini Vietnam, takriban Oktoba hadi Machi.

Nje ya msimu wake, ufukwe unaweza kuwa kama maji ya birikani kwa miezi mitano mfululizo. Mwalimu akipata kazi Phuket kuanzia Novemba hadi Machi, amekwenda kuogelea. Ndiyo maana kabla ya kujibu tangazo lolote, weka kalenda mbili ubavu kwa ubavu: muhula wa shule na msimu wa upepo. Penye kulingana, hapo omba.

Thailand: kalenda inakaa sawasawa

Muhula wa kwanza wa shule za Thailand huanza katikati ya Mei na kwisha mwanzoni mwa Oktoba. Msimu wa mawimbi ya Phuket ni huohuo. Muhula wa pili ni Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, bahari ikiwa imelala. Shule nyingi huajiri Machi, Aprili na mwanzo wa Mei, na tena Oktoba, basi kwa anayefuata mawimbi duru ya Machi ndiyo yenyewe. Maombi yaanze Januari, maana karatasi za kwetu zinachukua muda.

Masharti ya msingi ni shahada ya kwanza ya fani yoyote, cheti cha polisi, na kwa asiyehesabiwa mzawa wa lugha, ushahidi wa Kiingereza. Wengi hutumia mtihani wa TOEIC, alama 600 au zaidi kati ya 990. Mtu aliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza huvuka bila taabu, lakini asiingie bila kujizoeza: sehemu ya kusikiliza ina mwendo wa haraka na huwaangusha wenye haraka ya kujibu. Matokeo hukubalika kwa miaka 2. Shahada ikiwa ya ualimu, hasa Kiingereza na fasihi, una njia fupi zaidi mbele ya Baraza la Walimu la Thailand. Mwenye shahada ya fani nyingine hupewa ruhusa ya muda ya miaka 2, na kuiongeza bila mafunzo ya ualimu huwa kugumu kila mara.

Mlolongo wa viza ni huu. Shule inakupa mkataba, barua ya mwaliko na nakala za usajili wake. Unaomba viza aina ya Non-Immigrant B kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Unaingia na siku 90. Ndani ya siku hizo shule inaomba ruhusa yako ya kufundisha na kibali cha kazi, kisha unakwenda uhamiaji kuongezewa muda wa kukaa hadi mwaka, ada baht 1,900. Baada ya hapo unaripoti anwani yako kila siku 90.

Wapenda mawimbi hujikwaa hapa: muda ulioongezewa hufutika ukitoka nje ya nchi bila kibali cha kurudi. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, na kinachukuliwa kabla ya kuondoka. Mwalimu anayekwenda kuteleza Indonesia likizo ya Oktoba bila kibali hiki akirudi anaanza viza upya, na kibali cha kazi kinayumba nacho.

Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand hukidai kwa wanaotoka Afrika Mashariki, na chanjo lazima iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Kitabu cha njano kikae kwenye mkoba wa mkononi. Kikiwa ndani ya sanduku hakitakusaidia kaunta.

Kuhusu mshahara, niseme wazi hata kama inauma. Kwa kazi ileile, shule nyingi za serikali humlipa asiyekuwa mzawa wa lugha kati ya baht 18,000 na 28,000 kwa mwezi, wakati mwenzake Mwingereza huanzia 30,000 na kupanda. Ni dhuluma, na rangi ya ngozi huingia ndani yake pia: kuna matangazo yanayotaka picha kabla ya shahada. Usiache hilo likufanye ukubali chochote. Shule za mpango wa Kiingereza, zile zinazofundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, humlipa vizuri zaidi mwenye shahada ya somo hilo, na huko ushindani wa uzawa hupungua sana. Mwalimu wa fizikia kutoka Makerere au Dodoma anayezungumza Kiingereza safi ana nafasi kuliko anavyodhani.

Piga hesabu ya Phuket kwa mshahara wa 25,000: chumba 7,000, pikipiki ya kukodi 3,000, chakula 7,000, umeme, maji na simu 2,000. Unabaki na 6,000. Si pesa ya kujengea nyumbani. Anayekwenda kwa ajili ya kutuma fedha ageuze uso kuelekea Ghuba. Khao Lak, mkoa wa Phang Nga kaskazini mwa Phuket, maisha yana nafuu kidogo na wimbi la rasi ya Pakarang ni laini kwa anayejifunza.

Pa kuishi pana uzito kuliko jina la shule. Siku ya kazi ni kama saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, vipindi 18 hadi 25 kwa wiki, na jua la Phuket huzama karibu saa 12:30. Una saa mbili kasoro. Ukikaa Phuket Town, foleni ya kwenda Kata inakula nusu yake. Chalong na Rawai ziko karibu na Kata na Nai Harn, na kodi yake haijafika ile ya ufukweni. Ukiishi Kathu ufukwe wako wa karibu ni Patong, na kilima cha kushukia huko mvua ikinyesha kimevunja mifupa ya wengi. Pikipiki bila leseni inayotambulika pale maana yake bima haitalipa hospitali. Chukua leseni ya Thailand mara tu kibali cha kazi kikitoka.

Tahadhari moja nzito

Tangu 2022 Wakenya, Waganda na wengine wa kwetu wameokolewa kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni upande wa Myanmar, ng'ambo ya mji wa mpakani wa Mae Sot. Wengi waliahidiwa kazi halali Thailand: huduma kwa wateja, uuzaji, na kufundisha Kiingereza ikiwemo. Walipokelewa uwanja wa ndege wa Bangkok, wakapakiwa garini, wakavushwa mto.

Zishike alama hizi. Shule ya kweli haikulipii tiketi kabla ya mahojiano ya video. Haisemi kwamba shahada si lazima na mshahara ni dola 1,500. Haikwambii uingie kama mtalii. Na shule ya Phuket iko kusini: gari likishika njia ya kaskazini kuelekea Tak, shuka penye watu na upige simu. Kabla ya kusafiri, pata namba ya simu ya ofisi ya shule kutoka chanzo kingine kisichokuwa wakala, piga, uliza kama wanakutarajia. Nchini Kenya mawakala halali wamesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na Tanzania kuna TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Kutazama orodha ni kazi ya dakika tano. Mwachie ndugu nyumbani nakala ya mkataba, anwani ya shule na namba ya ndege.

Vietnam: asubuhi ni yako

Da Nang ina ufukwe wa My Khe, mchanga mtupu usio na mwamba, unaotazama mashariki. Kaskazi ikianza, mawimbi huja, na Oktoba na Novemba huja pamoja na tufani na mafuriko, basi mwezi wa kwanza wa msimu usiutegemee sana. Januari maji hushuka hadi kama nyuzi 22, na kwa mtu wa pwani yetu hiyo ni baridi ya kutosha kuhitaji nguo nyembamba ya mpira ya milimita 2.

Uzuri wake uko kwenye ratiba. Kazi nyingi ziko kwenye vituo vya lugha, na vituo hufundisha jioni, takriban saa 11:30 hadi saa 3 usiku, na Jumamosi na Jumapili kutwa. Asubuhi za siku za kazi ziko huru, na asubuhi ndipo upepo wa ufukweni hulala na wimbi linasimama safi. Kwa maoni yangu, anayeweka mawimbi mbele ya mshahara achague kituo, aiache shule.

Sheria inamkubali asiyekuwa mzawa wa lugha akiwa na mambo matatu: stashahada ya juu au shahada, ushahidi wa Kiingereza wa kiwango cha C1, yaani ustadi wa juu, na cheti cha kufundisha lugha. Kwa mtihani wa IELTS, C1 huanzia alama 7.0. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miaka 2. Karatasi zote huthibitishwa na ubalozi wa Vietnam, ambao kwa ukanda wetu uko Dar es Salaam na unahudumia pia nchi jirani, kisha hutafsiriwa kwa Kivietinamu kule. Cheti cha polisi kisizidi miezi 6 siku ya kuwasilisha. Wengi hukichukua mapema mno kwa bidii, kikaisha muda wakisubiri shahada itoke wizarani. Anza na shahada, polisi iwe ya mwisho.

Malipo ya vituo ni kwa saa. Uliza mkataba unakuhakikishia saa ngapi kwa mwezi, na uliza hasa kuhusu Tet, mwaka mpya wa huko, Januari au Februari: vituo hufunga, na asiye na saa za uhakika halipwi.

Oman, Morocco, Japani

Oman wengi wetu tunaijua kwa undugu na biashara, wachache wanaijua kwa mawimbi. Al Ashkharah na kisiwa cha Masirah hupokea mawimbi ya kusi, Mei hadi Septemba. Upepo huo huvuta maji ya chini kuja juu, na hivyo bahari hupoa sana wakati nchi kavu inaungua. Kazi za Kiingereza ziko hasa kwenye programu za mwaka wa msingi vyuoni, na Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa 2020 kwa kuunganisha vyuo kadhaa, kina tawi Sur, mji ulio jirani na pwani hiyo. Wanataka sana shahada ya uzamili katika kufundisha Kiingereza au isimu, na uzoefu wa miaka miwili mitatu. Kalenda hapa hailingani vizuri: likizo ndefu iko katikati ya msimu. Unabaki na Mei, Juni na Septemba, au unakaa nchini likizo nzima na kupiga kambi Masirah. Malipo yake yanazidi ya Asia ya Kusini-Mashariki kwa mbali, mara nyingi pamoja na nyumba na tiketi. Vyeti vya Mtanzania huthibitishwa kwenye ubalozi wa Oman Dar es Salaam au ubalozi wake mdogo Zanzibar, kulingana na unakoishi. Ukifika utapimwa afya, ikiwemo kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, na matokeo huamua ukaazi, kwa hiyo pima nyumbani kabla hujaacha kazi uliyo nayo. Na Kiswahili chako utakitumia: familia nyingi za huko zenye mizizi Zanzibar bado wanakizungumza sebuleni.

Morocco ndiyo iliyo karibu zaidi kwa moyo wa mawimbi. Taghazout, kilomita 20 hivi kaskazini mwa Agadir, huamka Oktoba hadi Machi, katikati ya mwaka wa shule unaoanza Septemba. Vituo vya lugha vya Agadir, Rabat na Casablanca vinapenda wenye CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza. Kikwazo ni kwamba mkataba wa mgeni hupitia shirika la ajira la serikali, ANAPEC, na mwajiri lazima aonyeshe kuwa nafasi haikumpata Mmorocco. Mwajiri asiyekuwa tayari kufuata hatua hiyo hana kazi ya kukupa. Maji ni baridi, nyuzi 16 hadi 18, nguo ya mpira ya milimita 4 kifuani na 3 mikononi. Kifaransa kidogo kitakusaidia dukani na ofisini.

Japani ina Miyazaki kusini, na Ichinomiya mkoani Chiba palipofanyika mashindano ya Olimpiki ya kuteleza mwaka 2021. Sharti lake ni hili: mwalimu wa shule za serikali asiye mzawa wa lugha hutakiwa aonyeshe amesoma kwa Kiingereza miaka 12 au zaidi. Mkenya aliyepita msingi, sekondari na chuo kwa Kiingereza anaifikisha. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anahesabu sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3: jumla 9. Anakosa mitatu. Aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza anapita, ila lazima kila shule iandike barua yenye mhuri ikitaja lugha ya kufundishia na miaka. Barua za shule ya msingi ndizo zinazochelewesha watu, kwa sababu mwalimu mkuu amebadilika na faili haionekani. Mwaka wa shule huanza Aprili; waajiri huanza kuhoji vuli iliyotangulia.

Karatasi, na zinapoharibika

Chanzo kikubwa cha kukwama ni majina. Shahada inasema Asha Juma Bakari, pasipoti inasema Asha Bakari, cheti cha kuzaliwa Asha Juma. Kwetu ni mtu mmoja; kwa afisa wa Hanoi ni watatu. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayoyaunganisha majina yote, uithibitishe wizarani pamoja na vyeti vingine, au ubadilishe pasipoti kabla ya kuomba chochote.

La pili ni laminesheni. Cheti kilichofunikwa plastiki hakipigwi mhuri, na kuibandua plastiki kunang'oa wino. Kama chako tayari kimefunikwa, omba chuo kikupe nakala iliyothibitishwa.

Mpangilio wa mihuri ni chuo au wakili kwanza, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Rwanda na Burundi zimo kwenye mkataba wa Hague wa kurahisisha uthibitishaji, Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024, hivyo vyeti vilivyotolewa huko vikipelekwa Oman, Morocco au Japani kwa kawaida mhuri mmoja unatosha. Hesabu wiki nane kwa karatasi zote, na usimpe mtu pasipoti yako halisi akae nayo.

Kuhusu cheti cha kufundisha: saa 120 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika sehemu nyingi, na kozi za bei rahisi za mtandaoni zisizo na darasa halisi hutosha kwa karatasi lakini hazikufundishi kusimama mbele ya watoto 40. CELTA, wiki 4 za kutwa, ina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukipimwa. Ni ghali. Kwa mwenye shahada ya ualimu na miaka miwili darasani sioni haja ya kuikimbilia, isipokuwa Morocco au Oman.

Mahojiano yatakuwa na somo la majaribio la dakika 10. Kosa la walimu wetu ni kuhutubia. Chagua maneno sita tu, tuseme vyakula. Dakika 2 onyesha picha na kutamka, 2 darasa lirudie, 3 waulizane wawili wawili kwa sentensi moja, 2 wacheze mchezo wa kukisia, 1 ya kufunga. Wewe uzungumze chini ya theluthi. Kama lugha ya nyumbani kwenu huchanganya r na l, jirekodi kila siku kwa wiki tatu kabla, maana huko ndiko sikio la mhoji linakotegea. Na useme bila woga kwamba Kiingereza ni lugha yako ya pili au ya tatu: unajua mwenyewe mwanafunzi anapokwama na kwa nini.

Beba akiba ya miezi mitatu ya matumizi. Mshahara wa kwanza mara nyingi hufika siku 30 hadi 60 baada ya kuanza, na mwenye nyumba anataka kodi pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili siku ya kwanza.

Kabla ya kununua ubao

Jifunze kuogelea mita 200 bila kupumzika. Sehemu kubwa ya pwani yetu iko nyuma ya mwamba, na anayejua maji ya Jambiani au Diani anaweza kudhani anajua bahari. Ufukwe wazi una mkondo unaorudi baharini kati ya mawimbi, na Phuket kila kusi huwachukua watu. Utautambua kwa ukanda wa maji meusi, tulivu, usiovunja wimbi, mahali panapoonekana salama kuliko pengine. Ukikushika usipigane nao kuelekea nchi kavu: ogelea sambamba na ufukwe mita 30 au 50, ukitoka ndani yake ndipo urudi na mawimbi. Bendera nyekundu ni amri.

Anayeanza achukue ubao laini wa futi 8 au 9. Mfupi wa futi 6 unapendeza machoni lakini hauelei vya kutosha, na utamaliza msimu ukiwa umepiga magoti. Usiusafirishe kutoka nyumbani, ndege zitakutoza karibu bei yake. Kodi kwa mwezi wa kwanza, kisha nunua uliotumika Oktoba, walimu na watalii wanapoondoka Phuket na kuuza kwa haraka. Kagua upande wa chini: palipobonyea si neno, palipopasuka maji yameingia, na ubao uliokunywa maji utaujua kwa uzito ukiuinua kwa mkono mmoja. Kamba ya mguuni nunua mpya, yenye urefu sawa na ubao.

Vaa fulana ya kuzuia jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, kwa sababu nta inayopakwa juu ya ubao na mchanga vinachubua kifua kabla jua halijafika. Na kama utateleza Kalim, ufukwe wa mwamba jirani na Patong, au penye mwamba wowote, angalia jedwali la kujaa na kupwa kama mvuvi: ingia maji yakiwa yamejaa, toka kabla hayajapungua nusu. Siku za bamvua muda huo ni mfupi zaidi, na kidonda cha matumbawe kisichosafishwa kwa maji safi na dawa siku hiyohiyo kinaweza kukuweka nje ya maji wiki tatu.